Jinsi ya kufuatilia Ol Doinyo Lengai ukiwa mbali, kabla ndege haijaruka

Wadau habari za leo. Kazi yangu ni kupanga safari za ndege ndogo hapa Arusha, zile za watu kumi na kitu zinazopeleka wageni Serengeti na kurudi, na kila Lengai, volkano yetu iliyo karibu na Ziwa Natron, ikianza kutoa moshi simu zinaanza, "mlima umelipuka?" Swali sio baya ila halimsaidii rubani. Rubani anataka kujua vitu vitatu tu, majivu yako wapi, yamepanda mpaka futi ngapi, na upepo wa kule juu unayasukuma upande gani. Nimeona niandike namna ninavyotafuta majibu ya hayo matatu kwa simu na laptopu ya kawaida, maana Lengai iko mbali na watu, hakuna anayekaa kule kileleni akatupa taarifa, na vifaa vilivyoko ardhini ni vya kuhesabu. Hii haichukui nafasi ya taarifa rasmi, onyo la anga yetu linatolewa na TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) na mambo ya volkano yenyewe yako kwa wenzetu wa GST (Taasisi ya Jiolojia) Dodoma, lakini ukijua kusoma mwenyewe utalielewa onyo likija na utajua cha kuuliza kabla halijaja.

Kwanza tuelewane kwa nini majivu yanaogopwa hivi. Haya sio majivu ya jikoni yanayopeperuka ukipuliza, ni chembe za mawe na kioo zenye kingo kali. Yakiingia kwenye injini ya jeti yanayeyuka kwa lile joto la ndani, alafu yanagandia kwenye vyuma vya mbele kidogo ambako kuna ubaridi kiasi, hewa inakosa njia, injini inazima. Juni 24, 1982 ndege ya British Airways, Boeing 747, ilipita usiku kwenye majivu ya mlima Galunggung huko Java, injini zote 4 zikazima, ikawa inateleza tu angani gizani mpaka zilipowaka tena chini chini, wakatua Jakarta na kioo cha mbele kimekwaruzwa mpaka hakionyeshi njia. Desemba 15, 1989 ikawa KLM karibu na Anchorage, majivu ya mlima Redoubt, injini 4 tena, ikashuka zaidi ya futi 13,000 kabla hazijawaka. Na kitu cha kukumbuka hapo ni kwamba rada ya hali ya hewa iliyoko puani mwa ndege inaona matone ya mvua, majivu haiyaoni, chembe zake ni ndogo mno. Kwa hiyo rubani anaweza kuingia ndani ya wingu la majivu usiku huku skrini yake ni safi kabisa.

Sasa watu wengi wanadhani hii ni habari ya madege makubwa. Angalia hesabu: kilele cha Lengai kiko mita 2,962, hiyo ni kama futi 9,700. Caravan, ndege yetu ndogo ya propela, ikitoka Arusha kwenda Seronera katikati ya Serengeti inatembea kwenye futi hizo hizo au juu kidogo. Yaani mlima ukikohoa kidogo tu, wingu likapanda futi 2,000 juu ya kreta, satelaiti inaweza isilione kabisa na jeti lililoko futi 36,000 haliguswi, ila sisi tunapita pale pale linapoelea. Kichujio cha hewa kinaziba, propela inalika, kioo kinakuwa kama kimepigwa msasa, na vile vibomba vya kupimia mwendo vikiziba rubani anasoma namba za uongo. Ndo maana nasema ndege ndogo inatakiwa iwe na watu wake wa kuangalia mlima, isisubiri tukio kubwa la kutangazwa redioni.

Kabla hujafungua programu yoyote ujue tabia ya mlima unaoufuatilia, maana kila mlima una yake. Lengai hakuna mwingine duniani kama yeye kwa sasa, lava yake ina magadi mengi, inatoka nyeusi na nyepesi kama matope, ikikutana na unyevu inageuka nyeupe ndani ya siku chache, na joto lake ni kama nyuzi 500 mpaka 600 tu wakati lava ya kawaida kama ya Nyiragongo kule Kongo inapita 1,000. Miaka mingi anamwaga hiyo lava taratibu ndani ya kreta na wala haimsumbui mtu wa ndege. Alafu anabadilika ghafla. Alilipuka kwa nguvu 1917, 1926, 1940 hadi 1941, 1966 hadi 1967, na mara ya mwisho kubwa ni 2007 hadi 2008. Ile ya 2007 inafundisha sana: Julai matetemeko yalianza mfululizo upande wa mlima Gelai, kubwa lake la tarehe 17 lilikuwa la ukubwa wa 5.9 na watu wa Nairobi walilisikia, ila mlipuko wenyewe wa majivu ukaja Septemba 4. Wiki saba hivi katikati. Kreta ya kaskazini ambayo ilikuwa imejaa lava mpaka pomoni ikaachwa shimo refu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuweka kwenye simu ni taarifa za matetemeko. USGS, shirika la jiolojia la Marekani, wana huduma ya bure, unachora duara lako kuzunguka Ziwa Natron wanakutumia ujumbe. Madogo sana hawayakamati kwa eneo letu, lakini yakianza kuja manne matano ya ukubwa wa 4 ndani ya siku mbili, hapo usilale. Kuna pia vituo vya GPS kuzunguka mlima ambavyo watafiti wa Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na Virginia Tech walianza kuviweka 2016, vinapima ardhi ikivimba au kuzama kwa milimita. Kuvimba hakukwambii mlipuko ni lini, kunakwambia tu uanze kuangalia kila siku badala ya kila wiki.

Tukija kwenye satelaiti hapa ndo nataka tukae kidogo maana ndiko watu wanakosea, na mimi nilikosea.

Mwaka mmoja kiangazi kimekolea niliamka saa kumi na moja alfajiri nikafungua FIRMS, ile ramani ya NASA ya vidoti vyekundu vya moto, nikakuta vidoti viwili kwenye ubavu wa Lengai. Nikapiga simu kwa marubani wawili, nikawaambia wazunguke kusini, wakazunguka, mafuta yakaliwa, mgeni mmoja akakosa ndege yake ya kuunganisha. Saa tatu asubuhi nikampata kwa simu mzee mmoja wa Engaresero, kijiji kilicho chini ya mlima, ambaye boma lake linatazama mlima moja kwa moja.

"Shikamoo mzee, mlima umeamka?"

"Marahaba mwanangu. Mlima umelala. Vijana wamechoma nyasi tangu juzi, wanatafuta malisho mapya."

Kumbe moto wa malisho. Toka siku hiyo nina utaratibu, kidoti cha FIRMS nakichukulia kama mtu aliyeniambia "kuna kitu kinawaka sehemu fulani," basi, alafu naenda kuhakikisha ni wapi hasa. Na kinyume chake pia ni kweli, lava ya Lengai ni ya baridi na ni kidogo kwa hiyo mara nyingi inamwagika na FIRMS haionyeshi kitu. Ramani ikiwa tupu usiandike "mlima umetulia."

Kuhakikisha naenda kwenye Copernicus Browser, tovuti ya picha za satelaiti za Ulaya, unajiandikisha bure, unatafuta picha za satelaiti ya Sentinel-2. Usiangalie picha ya rangi za kawaida peke yake, chagua ile ya mawimbi ya joto, inaandikwa SWIR, unavuta karibu mpaka uione kreta imejaa skrini. Lava mpya inatokea kama doa la chungwa au jekundu ndani ya kreta, moto wa nyasi unakuwa ubavuni na nyuma yake umeacha baka jeusi. Ukiwa kwenye rangi za kawaida angalia weusi na weupe, lava ya jana ni nyeusi, ya wiki iliyopita imeshakuwa nyeupe, kwa hiyo ukilinganisha picha mbili unajua kama kuna kilichomwagika katikati yake. Shida ni mbili, satelaiti hii inapita siku chache chache, sio kila siku, na mawingu. Masika unaweza kukaa wiki tatu huoni kreta. Hapo tumia Sentinel-1 ambayo ni ya rada, inaona hata kukiwa na mawingu, ila kuisoma kunahitaji mazoezi na mimi naitumia tu kuangalia kama umbo la kreta limebadilika.

Kuna ramani nyingine watu wanapenda kusambaza kwenye magrupu, ile ya gesi ya salfa, Sentinel-5P. Ni nzuri sana kwa milima ya Afar kule Ethiopia na kwa Virunga. Kwa Lengai haikusaidii, huyu anatoa zaidi kaboni dayoksaidi, salfa yake ni kidogo. Lile doa kubwa unaloliona kwenye ramani upande wa magharibi mwa Rwanda ni la Nyiragongo na Nyamulagira, sio la kwetu, naomba tuache kutumiana na kuandika "Lengai inatoa gesi."

Kwa majivu yenyewe yakiwa hewani, cha haraka ni Meteosat, satelaiti ya hali ya hewa. Fungua tovuti ya EUMETView, tafuta picha ya majivu, inaandikwa Ash RGB, zinaingia mpya kila dakika 10 mpaka 15. Majivu yanakuja na rangi ya pinki kuelekea nyekundu, gesi ya salfa ni kijani cha kung'aa, vikichanganyika unaona njano njano. Usiangalie picha moja. Vumbi la jangwani nalo ni pinki, mawingu membamba ya juu nayo yanadanganya. Weka picha za saa mbili zitembee mfululizo kama video, kitu kinachoanzia kwenye kidoti kimoja pale pale na kusambaa kama feni, hicho kimetoka mlimani. Kinachokuja kipana kutoka mbali ni hali ya hewa.

Alafu simu. Narudia simu, kwa sababu hakuna satelaiti itakayoniambia haraka kuliko mtu aliyesimama Engaresero. Tafuta watu wawili watatu wanaoishi pande tofauti za mlima, waombe kwa heshima, watumie vocha bila kusubiri wakuombe, na jifunze kuuliza vizuri. Usiulize "imelipuka?" maana jibu litakuwa ndiyo au hapana na yote mawili hayatoshi. Uliza moshi ni mweupe au wa kijivu, unatoka kwa mfululizo au kwa mapigo, umepanda mara ngapi ya urefu wa mlima wenyewe kutoka chini mpaka kilele, juu umelalia upande gani, na ukipitisha kidole kwenye bati au kwenye ndoo iliyolala nje kinatoka na nini. Yule mzee siku moja alinijibu hivi, "kuna unga, sio vumbi la barabarani, ng'ombe wameanza kukataa nyasi." Hilo la ng'ombe kukataa nyasi lilinitosha. Uzuri mwingine ni kwamba wale watu wanaijua Lengai kwa vizazi, pale pale Engaresero kuna nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale zimegandia kwenye tope la majivu, watu wametembea chini ya mlima huu maelfu ya miaka.

Sasa taarifa rasmi. Duniani kuna vituo 9 vya ushauri wa majivu kwa ndege, vinaitwa VAAC, Afrika na Mashariki ya Kati tuko chini ya Toulouse, Ufaransa. Wakiona au kuambiwa kuna majivu wanatoa ushauri, na kutoka hapo ofisi za hali ya hewa za nchi zinatoa SIGMET, yaani onyo rasmi kwa marubani, la anga yao. Ushauri wenyewe ni maandishi makavu ya herufi kubwa, yanatisha mara ya kwanza lakini mistari ya muhimu ni michache. Mstari wa OBS VA CLD unakwambia wingu lilipoonekana, ukikuta SFC/FL150 maana yake kuanzia ardhini mpaka futi 15,000, unaongeza sifuri mbili tu. Chini yake kuna namba za eneo, ziunganishe kwenye ramani upate umbo. Mistari ya FCST ni utabiri wa saa 6, 12 na 18 mbele. Ukikuta wameandika majivu hayaonekani kwa satelaiti usisome kama hayapo, inaweza kuwa mawingu yamefunika. Kuna na mstari wa rangi: kijani mlima uko kawaida, njano una dalili, chungwa uwezekano umepanda au mlipuko upo ila majivu ni kidogo, nyekundu mlipuko mkubwa uko njiani au unaendelea. Kwa milima isiyo na kituo cha kuiangalia unaweza kukuta wameandika UNKNOWN, na hiyo sio kijani jamani, ni kwamba hakuna aliyewapa rangi.

Saa zao ni UTC, saa ya kimataifa inayoandikwa na Z mwishoni, na hapa niwape ujanja nilioufanyia kazi miaka yote. Sisi tuko mbele saa 3, alafu saa yetu ya Kiswahili iko nyuma saa 6, kwa hiyo ukitaka saa ya Kiswahili kutoka UTC toa 3 tu. 0830Z ni saa tano na nusu asubuhi. 1500Z ni saa kumi na mbili jioni. Ukikuta jibu limezidi 12 toa 12, likiwa sifuri au chini yake ongeza 12, basi. Nimewahi kuona mtu amesoma ushauri wa saa tisa zilizopita akidhani ni wa sasa hivi.

Kingine ni upepo. Usiangalie upepo wa chini, fungua Windy, tovuti ya upepo, na uchague kimo. Vimo vinaandikwa kwa hPa, kipimo cha mgandamizo wa hewa, namba ikipungua uko juu zaidi. 700hPa ni kama futi 10,000, pale pale kwenye kreta, huo ndo unaotuhusu sisi. 500hPa ni futi 18,000, 300hPa ni 30,000, hizo ni kwa wingu kubwa. Kwetu huku chini mara nyingi upepo unatoka mashariki, kwa hiyo majivu ya Lengai yanaenda Serengeti, yaani Ndutu, Seronera na Lobo ndo wanaokaa chini ya upepo. Ila juu zaidi upepo unaweza kwenda kinyume kabisa, wingu moja likagawanyika mara mbili.

Kama unaona natia chumvi angalia Hayli Gubbi, Afar, Ethiopia. Novemba 23, 2025 asubuhi mlima ambao haukuwa na rekodi yoyote ya kulipuka ukapasuka, wingu likapanda karibu kilomita 14. Wanavijiji wa Afdera waliamka na majivu kila mahali, malisho yakafunikwa. Lakini upepo wa juu ulikuwa unatoka magharibi, wingu likavuka Bahari ya Shamu, likapita Yemen na Oman, ndugu zetu walioko Oman walikuwa chini yake, na likafika India mpaka Air India wakafuta safari. Mlima ambao karibu hakuna aliyekuwa anaujua jina, siku mbili baadaye unazuia ndege Delhi. Nabro ya Eritrea nayo ilivuruga safari za ndege Juni 2011. Na kwa upande wa pesa kaulize wakulima wa maua Naivasha, Aprili 2010 volkano ya Iceland ilifunga anga ya Ulaya na maua yao yakaozea Nairobi.

Uamuzi naufanyaje? Nina kanuni moja, kukwepa hakuhitaji uhakika, kurudi ndo kunahitaji. Vyanzo viwili visivyotegemeana vikikubaliana, kwa mfano simu ya Engaresero na picha ya Meteosat, nawaambia marubani wapite kusini juu ya Ziwa Eyasi bila kusubiri karatasi ya mtu, na hapo hapo nawapigia watu wa hali ya hewa niwape nilichokiona, na wao wanahitaji macho. Kurudi njia ya kawaida nasubiri SIGMET iishe na isitolewe nyingine, nasubiri mwanga wa mchana, na nasubiri rubani aliyepita pembeni aseme hajanusa kitu, maana harufu ya kiberiti ndani ya ndege ni dalili. Na rubani akiingia kwa bahati mbaya asijaribu kupanda juu ya wingu, apunguze nguvu ya injini na ageuze arudi alikotoka, huko ndo anajua kuna hewa safi.

Ndege ikitua, kabla fundi hajagusa kitu chukua kitambaa cheupe kilicholowa maji, kiguse tu ukingo wa mbele wa propela na wa bawa, usisugue. Vumbi la Arusha linatoka jekundu la kahawia. Magadi ya Natron yanatoka meupe na yanayeyuka ukiongeza maji. Majivu yanatoka ya kijivu na ukiweka chini ya lenzi ndogo unaona chembe zina kona. Ukikuta hayo, kioo cha mbele usipanguse kikavu, kitachubuka chote, kimwagie maji mengi kwanza. Zile chembe zifunge kwenye mfuko safi wa plastiki, andika tarehe, saa, njia uliyopita na futi ulizokuwa, wapelekee GST. Mimi mifuko yangu iko kwenye droo ya meza, pamoja na marka, na namba ya mzee wa Engaresero nimeibandika ukutani juu ya redio ili hata kijana wa zamu ya usiku aipate.